Kupanga Hewa ya Makumbusho Bila Kuteketeza Umeme: Mwongozo kwa Wahifadhi

Uliza ofisi ya uhifadhi ya makumbusho yoyote makubwa viwango vyao vya hewa, utajibiwa papo hapo: nyuzijoto 20, unyevu asilimia 50. Uliza namba hizo zimetoka wapi, wengi watanyamaza. Tulizipokea darasani kama watoto wanavyopokea jedwali la kuzidisha, tukazibandika ukutani, tukanunua mashine za kuzitimiza usiku na mchana, na bili ya umeme ikaanza kushindana na bajeti ya mishahara.

Mwongozo huu unakwenda kinyume na mazoea hayo. Tutaanza na vitu vyenyewe, tufuate na jengo, na mashine tuziweke mwisho. Mpangilio huo ni wa makusudi, kwa hiyo nakuomba usiruke hatua hata kama fundi wa viyoyozi yuko mlangoni na katalogi mkononi.

Neno moja kwanza. "Unyevu" humu maana yake ni unyevu wa kulinganisha: mvuke uliomo hewani ukilinganishwa na ule ambao hewa hiyo ingeweza kubeba katika joto lilelile. Kwa hiyo unaweza kubadilisha unyevu bila kuongeza wala kupunguza tone la maji, kwa kugusa joto tu. Chukua hewa ya nyuzijoto 25 yenye unyevu asilimia 60, ipoze hadi 20 bila kuikausha: unyevu unafika kama asilimia 81. Asiyelielewa jambo hili atapigana na hewa maisha yake yote.

Kabla ya hatua ya kwanza: namba zilikotoka

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, National Gallery ya London iliificha michoro yake katika chimbo la mawe ya sleti huko Manod, Wales, kuanzia 1941. Ndani ya mlima, katika vyumba vilivyojengwa na kupashwa joto kwa utulivu, hewa haikuyumba. Wahifadhi wakagundua jambo la ajabu: kazi ya kubandika rangi zilizobanduka kwenye mbao ilipungua mno. Michoro iliporudi London mwaka 1945, ile kazi ikarudi nayo. Fundisho likakaa vichwani: hewa tulivu ni dawa.

Fundisho lilikuwa sahihi. Shida ilikuja pale utulivu ulipogeuzwa kuwa namba moja ya dunia nzima. Garry Thomson, mwanasayansi wa National Gallery, alipoyakusanya maarifa ya fani katika kitabu chake cha 1978, alipendekeza kwa makumbusho makubwa unyevu wa asilimia 50 au 55, usizidi wala kupungua zaidi ya 5. Lakini alikiri mwenyewe, kwa uungwana, kwamba hiyo 5 ilitokana zaidi na uwezo wa mitambo ya wakati huo kuliko ujuzi wa kina wa jinsi kuyumba kudogo kunavyodhuru vitu. Waliomfuata walibeba namba, wakaacha ungamo.

Miaka ya 1990 watafiti wa Smithsonian kule Marekani walizivuta na kuzibana rangi, gundi na mbao maabara, wakaonyesha kwamba karibu na katikati ya kipimo cha unyevu vitu vingi hunyooka na kurudi bila jeraha kwa kuyumba kukubwa kuliko tulivyoambiwa. Mwaka 2010 Ulaya ikatoa kiwango cha EN 15757, kinachotazama hewa ambayo kitu kimeizoea. Mwaka 2014 wakurugenzi wa makumbusho makubwa wanaojulikana kama Bizot Group walikubaliana kuwa vitu vingi vinavyonyonya unyevu vinaweza kukaa kati ya asilimia 40 na 60, joto kati ya nyuzi 16 na 25, kuyumba kusizidi asilimia 10 kupanda au kushuka ndani ya saa 24. Mwaka huohuo mashirika mawili ya wahifadhi, IIC na kamati ya uhifadhi ya ICOM (baraza la kimataifa la makumbusho), yakatoa tamko la pamoja kwamba uendelevu na hali ya hewa ya mahali lazima vihesabiwe.

Kwa hiyo ukimwambia mkurugenzi wako kwamba 20 na 50 si sheria, humletei uasi. Unamletea fani ilipofika.

Hatua ya 1: Vijue vitu vyako kwa udhaifu wao

Orodha ya makumbusho kwa kawaida hupangwa kwa asili, umri au mtoaji. Kwa kazi hii haikusaidii. Ipange upya kwa swali moja: hiki kitaumizwa na nini kwanza?

Wapo wanaoumizwa na unyevu wowote wa juu. Chuma kilichochimbwa ardhini kikiwa na chumvi ndani yake huendelea kuliwa hata kabatini. Hicho kinataka hewa kavu sana, chini ya asilimia 20. Bronzi yenye ule ugonjwa wa unga wa kijani inatulia chini ya asilimia 42 hivi.

Wapo wanaoumizwa na kuyumba: mbao zilizopakwa plasta na rangi, pembe za ndovu nyembamba, samani zenye veneer (ngozi nyembamba ya mbao iliyobandikwa juu), ngozi iliyowambwa kwenye ngoma. Hapa tatizo ni kufungwa. Ubao ulio huru hupanuka na kusinyaa bila kesi. Ubao uliopigiliwa misumari au kubandikwa kitu kisichosogea ndio hupasuka. Unapokagua, usitazame kitu kimetengenezwa kwa nini tu. Tazama kimebanwa wapi.

Wapo wanaouawa na joto lenyewe, polepole, kwa kemia: filamu za asetati (plastiki ya filamu za zamani) zinazooza na kunuka siki, karatasi zenye asidi, picha za rangi, plastiki za zamani. Kwa makisio yanayotumika sana katika fani, kila ukipunguza nyuzi 5 unakaribia kuongeza maradufu umri wa vitu hivi. Kwa filamu ya asetati, nyuzijoto 20 tunazozisifu ni kifo cha mapema. Jokofu moja linalofanya kazi lina thamani kwake kuliko mtambo wa jengo zima.

Na wapo wengi, huenda ndio walio wengi, ambao hawajali sana: mawe yasiyo na chumvi, vyungu vilivyochomwa vizuri, dhahabu, kioo kizima, na mbao za kazi zilizokwishapasuka zinapotaka kupasuka. Hawa ndio wanaopozwa bure kwa gharama kubwa kila siku.

Ukimaliza, utakuwa na makundi matatu au manne na idadi ya kila moja. Mara nyingi kundi linalohitaji uangalizi mkali huwa dogo hata linaweza kuingia chumba kimoja. Andika namba hiyo kwa kalamu nene. Utaihitaji kwenye mkutano wa bajeti.

Hatua ya 2: Pima mwaka mzima, na upime kweli

Vifaa vidogo vya kunasa joto na unyevu, wengi huviita data loga, siku hizi si ghali kama zamani. Weka kimoja kila chumba, kimoja ndani ya kabati la vioo, kimoja ndani ya sanduku la stoo, na kimoja nje ya jengo penye kivuli. Hicho cha nje wengi hukisahau, ilhali bila hicho huwezi kujua kama jengo lako linakinga au linavujisha. Kipime kila nusu saa au kila saa. Chini ya mwaka mmoja hujaona misimu, na asiyeona misimu hana data, ana uvumi.

Mahali pa kukiweka pana maana kuliko aina ya kifaa. Nakumbuka tulivyohangaika miezi mitatu na chumba kilichosemekana kuwa kikavu kupita kiasi. Tukaleta mashine ya kuongeza unyevu, tukaandika ripoti, tukalaumiana. Mwisho mhudumu wa usafi ndiye aliyegundua kwamba kifaa kilikuwa kimewekwa juu ya taa ya kabati. Chumba hakikuwa kigonjwa. Kiweke mbali na taa, na dirisha, na ukuta wa nje, na mdomo wa kiyoyozi, katika kimo cha vitu vyenyewe.

Kisha kihakiki kwa chumvi. Ndiyo, chumvi ya mezani. Weka chumvi katika kikombe kidogo, tia maji kidogo hadi iwe kama mchanga mbichi, isiwe supu. Ifunge pamoja na kifaa ndani ya chombo kisichopitisha hewa, bila chumvi kugusa kifaa, uache usiku mzima katika chumba chenye joto lisilobadilika. Hewa iliyo juu ya chumvi hiyo husimama kwenye asilimia 75. Kifaa kikisoma 75 au karibu, sawa. Kikisoma 82, unajua kinadanganya kwa kiasi gani na upande gani. Ukitaka kipimo cha chini, kloridi ya magnesi kwa njia ileile hukaa karibu asilimia 33. Rudia kila mwaka.

Usikae ukikusanya grafu kama stempu. Kila mwezi jiulize maswali matatu tu: unyevu ulizidi asilimia 65 kwa muda gani mfululizo? Uliyumba kiasi gani ndani ya siku moja? Na kitu gani kilitokea saa ile ulipoyumba: mvua, umeme kukatika, hafla ya jioni, mlango kuachwa wazi?

Hatua ya 3: Lisome jengo kabla ya kulinunulia dawa

Toka nje siku ya mvua kubwa ukiwa na mwavuli. Hii ndiyo saa moja yenye faida kuliko zote katika mwongozo huu. Tazama mifereji ya paa inamwaga wapi, ardhi imeinama kuelekea ukuta au mbali nao, maua yaliyopandwa msingini yanamwagiliwa kila siku na nani. Sehemu kubwa ya unyevu unaopigwa vita na mashine huingia kwa mguu, kutoka chini, au kwa paa, kutoka juu. Mtambo wa kukausha hewa katika chumba chenye mfereji uliotoboka ni sawa na kuteka maji kwa pakacha.

Ukirudi ndani, tafuta kile ambacho waliojenga zamani walikuwa tayari wamekijua: kuta nene, dari ndefu, vibaraza, vipenyo vya hewa vya juu, vibao vya dirishani. Mara nyingi vimezibwa na ukarabati wa baadaye ili kiyoyozi "kifanye kazi vizuri". Usiache mbachao kwa msala upitao. Ukuta mnene wa mawe au udongo hulainisha kuyumba kwa siku bila kudai senti, na haukatiki umeme.

Joto la jua lizuie nje ya kioo, kwa vibao au kivuli. Pazia la ndani linalipokea jua likiwa limeshaingia. Ziba nyufa za milango ya stoo. Tia kinga ya joto kwenye paa kwanza, kwani ndiko joto kubwa linakoingilia katika nchi za jua na linakotorokea katika nchi za baridi.

Stoo ina uhuru ambao ukumbi hauna, kwa sababu hakuna mgeni wa kuona baridi. Denmark wamejenga stoo za makumbusho zenye kuta na paa zilizokingwa sana, lakini sakafu haikutiwa kinga kabisa, ili ardhi iliyo chini iwe ndiyo inayotuliza joto. Ndani hakuna wa kupoza wala kupasha. Joto linapanda na kushuka polepole na misimu, na mashine pekee inayofanya kazi ni ya kukausha hewa. Si kila hali ya hewa itakubali mpango huo kama ulivyo. Swali lake, hata hivyo, linafaa popote: ardhi na kuta zako zinaweza kukufanyia nini bure?

Hatua ya 4: Andika mipaka yenu wenyewe

Sasa una vitu, una data, una jengo. Keti na msimamizi wa mikusanyo, mhandisi na anayelipa bili, muandike karatasi moja.

Sehemu ya kuanzia ni hewa ambayo vitu vimeizoea. Stefan Michalski wa taasisi ya uhifadhi ya Kanada amelieleza wazo hili vizuri: kitu kilichopitia kuyumba kwa kiasi fulani huko nyuma, na hakijafanyiwa ukarabati tangu hapo, kimeshapasuka palipokuwa pa kupasuka, kuyumba kwa kiasi hichohicho au pungufu hakutakiongezea madhara mengi. Angalia sharti la ukarabati. Ukishajaza ufa kwa gundi, historia imefutwa, na kitu kinarudi kuwa mwanafunzi mpya.

Njia ya EN 15757 inaligeuza wazo hilo kuwa hesabu. Chukua data ya mwaka. Kwa kila wakati, tafuta wastani wa unyevu wa siku 30 zinazouzunguka. Tazama kila kipimo kimeondoka kwenye wastani huo kwa kiasi gani, kisha kata zile asilimia 7 za juu kabisa na 7 za chini kabisa. Kinachobaki ndiyo mipaka yako. Kikitoka chembamba kuliko asilimia 10 kila upande, kiwango chenyewe kinasema ubane wa namna hiyo hauna sababu, unaweza kulegeza hadi 10. Programu yoyote ya majedwali kwenye kompyuta itafanya hesabu hii kwa mchana mmoja.

Kama data haipo au vitu ni vigeni kwenye jengo, tumia madaraja ya ASHRAE, chama cha wahandisi wa hewa cha Marekani. Yanaanzia AA, ambalo linaruhusu kuyumba kwa asilimia 5 tu, hadi D, ambalo linataka jambo moja: unyevu usifike asilimia 75. Usidharau D. Kwa jengo la kale lenye bajeti ndogo, kuzuia kuvu mwaka mzima ni ushindi mkubwa kuliko kufukuzia AA kwa miezi minane na kushindwa minne.

Ruhusu msimu. Andika kwamba unyevu wa kati utasogea polepole, kwa mfano kutoka 45 msimu wa ukavu hadi 58 msimu wa mvua, badala ya kung'ang'ania mstari ulionyooka. Mtambo unaosukumana na msimu ndio unaokula umeme zaidi, na vitu husumbuka kidogo sana na mabadiliko yanayokuja kwa wiki nyingi.

Karatasi itiwe saini na mkurugenzi. Bila saini, mtu mmoja mwenye joto la mwili ataibadilisha kwa rimoti.

Hatua ya 5: Watunze wachache ndani ya sanduku

Lile kundi dogo la hatua ya kwanza usilitafutie chumba kizima cha hewa maalumu. Litafutie kisanduku. Sanduku la plastiki ya polipropilini lenye kifuniko kinachobana, silika jeli (punje zinazonyonya unyevu) iliyokaushwa, na kadi ya kuonyesha unyevu: hapo chuma chako cha kuchimbwa kina hewa yake, na kazi yako ni kuitazama kadi na kukausha jeli tena ndani ya oveni, inapohitajika. Ziepuke zile jeli za buluu zenye kobalti, ambayo ni sumu.

Kwa kabati la maonyesho, jeli huandaliwa kwanza kwenye unyevu unaoutaka, kisha huwekwa chini ya sakafu ya kabati. Thomson alipendekeza kilo 20 kwa kila mita moja ya ujazo. Kiasi hicho kinatisha, na kabati likibana vizuri na jeli ikiwa ya aina mpya, kiasi pungufu ya hapo hutosha. Ila jeli nyingi katika kabati linalovuja ni hasara tupu. Ziba kwanza.

Karatasi na nguo zilizojaa kwenye kabati au boksi hujilinda zenyewe, kwani zina unyevu mwingi ndani kuliko hewa inayozizunguka. Boksi la karatasi isiyo na asidi lililojaa barua linaweza kupita siku nzima ya hewa mbaya bila barua za ndani kujua. Stoo yenye kila kitu ndani ya boksi inahitaji mashine ndogo kuliko stoo yenye vitu vilivyoachwa wazi kwenye rafu. Kama stoo yako imejaa hata huwezi kupita, anza na njia ya RE-ORG iliyoandaliwa na ICCROM, kituo cha kimataifa cha uhifadhi. Ni ya kupanga upya stoo kwa kutumia mnavyonavyo.

Tahadhari na ubao. Mbao nyingi na plywood hutoa mvuke wa asidi ndani ya kabati lililofungwa, na madini ya risasi huugua upesi. Nyenzo usiyoiamini ipimwe kwa jaribio alilolianzisha Andrew Oddy wa British Museum mwaka 1973: kipande cha nyenzo hufungiwa na vibati vya fedha, shaba na risasi, maji kidogo, nyuzijoto 60, siku 28. Kibati kikibadilika rangi, nyenzo hiyo haiingii kabatini.

Hatua ya 6: Mashine, na namna ya kuzizima

Hapa ndipo kosa kubwa hufanyika, tena kwa nia njema.

Mtu anasikia habari za kuokoa umeme, anaagiza viyoyozi vizimwe wageni wanapoondoka. Katika mahali pa joto na unyevunyevu, matokeo yake ni haya. Mchana kutwa kuta na vitu vimepozwa hadi nyuzi 20. Nje usiku ni nyuzi 28, unyevu asilimia 80. Hewa hiyo ikigusa chochote chenye ubaridi wa chini ya nyuzi 24, mvuke wake unageuka maji. Ukifungua asubuhi unakuta kioo cha kabati kina jasho na nyuma ya michoro panaanza kunuka kuvu. Umeokoa umeme wa saa kumi na mbili, umelea bustani ya kuvu.

Tiba ni kuacha kupoza kupita kiasi tangu mwanzo. Pandisha kipimo cha joto hadi 24, 25, hata zaidi stoo, uondoe unyevu kwa mashine ya kukausha hewa badala ya kutegemea ubaridi, na usambaze hewa kwa feni. Kona isiyo na mwendo wa hewa huota kuvu hata kama wastani wa chumba unapendeza. Kabati lisogezwe sentimita kumi au zaidi kutoka ukuta wa nje.

Penye baridi kali mambo hugeuka. Hewa ya nje ya nyuzi sifuri yenye unyevu wa asilimia 90, ikiingizwa ndani na kupashwa hadi 21, inakauka hadi kama asilimia 22, na mbao zinalia. Wengi hununua mashine ya kuongeza unyevu. Rahisi zaidi ni kupasha kidogo: punguza hadi nyuzi 16 na unyevu unapanda wenyewe. Lakini chunga michoro ya akriliki, kwa sababu chini ya nyuzi 10 hivi rangi yake inakuwa ngumu na rahisi kuvunjika. Isisafirishwe wala kuguswaguswa katika ubaridi huo.

Kuzima usiku kunawezekana katika jengo linalobana, na Image Permanence Institute ya Rochester, Marekani, imefanya kazi nyingi kuonyesha hivyo. Ila fanya kwa kujaribu. Chagua chumba kimoja. Zima mtambo saa mbili usiku, uwashe saa nne. Soma data loga iliyo hewani na ile iliyo ndani ya boksi. Wiki ya pili ongeza saa. Endelea hadi uone mstari wa ndani ya boksi unaanza kutikisika, kisha rudi nyuma saa moja. Rudia msimu mwingine, maana jibu la kiangazi si jibu la masika.

Hewa ya nje inayoingizwa kwa ajili ya pumzi za watu ndiyo ghali kuliko zote, kwa sababu yote inabidi ipozwe au ikaushwe. Ukumbi mtupu hauhitaji hewa ya watu mia mbili. Kipimo cha kaboni dioksidi kinachoongoza vipenyo vya hewa hujilipia mapema. Na kabla ya kununua chochote kipya, safisha vichujio na ukague kama gesi ya kupozea inavuja. Nyingi ya gesi hizo zinaipasha dunia joto mara mamia hadi maelfu kuliko kaboni dioksidi.

Hatua ya 7: Mwanga

Hapa uhifadhi na umeme wanakubaliana, kwa hiyo sina haja ya maneno mengi. Taa za LED hazitoi urujuanimno wa kuhesabika, hazipashi kabati, na zinapunguza kazi ya kiyoyozi. Dirisha litiwe kichujio; kiwango cha zamani kinachotumika bado ni kisichozidi mikrowati 75 kwa kila lumeni.

Laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu) hazikikingi kitu peke yake, kwani madhara hujumlishwa. Laksi 50 kwa saa 8, siku 300, ni laksi-saa 120,000 kwa mwaka. Kamisheni ya kimataifa ya mwanga, CIE, mwaka 2004 ilipendekeza vitu dhaifu sana visizidi 15,000 kwa mwaka. Hizo huisha kwa siku 37 tu. Kitambaa cha rangi za mimea basi kionyeshwe kwa zamu, na kabati liwe na kitufe au kihisi kinachowasha taa mgeni anapokaribia. Safisha ukumbi kwa taa za kawaida za wafanyakazi na makabati yakiwa yamefunikwa.

Hatua ya 8: Wadudu na kuvu, bila sumu

Ukilegeza joto, wadudu nao watafurahi, kwa hiyo hatua hii ni mwenzi wa zile nyingine. Mitego ya gundi iwekwe ukutani chini, ikaguliwe kila mwezi, wadudu watambuliwe na kuhesabiwa. Chakula kisipite njia moja na vitu. Kila kinachoingia kipite karantini.

Kilichoshambuliwa, kama si mchoro wa rangi, kioo au kitu chenye malighafi zilizobanana, kifunge kwa plastiki bila kuacha mwanya, kiweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja au zaidi, au 30 chini ya sifuri kwa siku tatu. Kikitoka usikifungue mpaka kesho yake, la sivyo umande utakaa juu ya kitu badala ya plastiki. Vinavyoogopa baridi vifungiwe na vinyonya-oksijeni kwa wiki kadhaa.

Kuvu ikitokea, tafuta maji kabla ya kutafuta dawa.

Hatua ya 9: Kuazimana vitu

Hapa ndipo karatasi yako ya hatua ya nne itakapokutana na dunia. Mwenye kukuazima atakuletea mkataba wenye asilimia 50, kuyumba 5, mara nyingi kwa sababu mkataba huo umenakiliwa tangu enzi za waliomtangulia. Usisaini huku ukijua hutaweza, wala usikatae moja kwa moja. Mtumie data ya mwaka ya chumba kile kile, mwambie mipaka yako, umuulize kitu chake kimekaa katika hewa gani kwao. Mara nyingi itakuja kuonekana kwamba stoo yake yenyewe haitimizi anachokudai wewe. Mkikwama, pendekeza kabati lenye silika jeli, lenye data loga ndani ambayo yeye mwenyewe anaisoma kwa mbali.

Ongea naye pia kuhusu kreti, yaani sanduku la kusafirishia. Kreti iliyotengenezwa vizuri inaweza kusafiri mara nyingi kwa kubadilisha povu la ndani tu, na msindikizaji anaweza kusimamia ufunguaji kwa video bila kupanda ndege. Kreti ikifika, ikae ndani ya chumba saa 24 kabla ya kufunguliwa, na weka kibandiko cha saa hiyo juu ya kifuniko, kwa sababu daima yuko mtu wa habari mwenye kamera na haraka.